Hatua Kumi na Moja

Mpimaji alikuja kutoka Chake kwa vespa,
tepu mfukoni, gidamu ya kiatu kimoja imekatika,
akauliza: "Hicho kipande chenyewe ni kipi?"
Tukanyoosha vidole sote wawili,
mimi kwenye mkilua, Zuwena kwenye tungule.

Nilinunua chini, mlango wa kushoto,
jengo la tatu, Nyumba za Maendeleo, Wete.
Bustani ilikuja na nyumba kama paka:
sikuiomba, sikuifukuza.
Nikatupa humo baiskeli mbovu na pipa la chokaa.
Mwaka wa pili jirani wa mlango wa kulia
akaomba pahala pa kuanika karafuu.
"Anika tu."
Karafuu zikesha, likabaki jamvi;
ubavuni mwa jamvi pakaota mchicha,
mchicha ukaita tungule, tungule zikaita ndoo,
ndoo ikaita miaka kumi na miwili.

Mkilua ni wa marehemu, Salhina wangu.
Kijiti alikitoa Mtambwe, kakifunga kwa kitambaa kibichi.
Hakuwahi kuona ua lake.
Zuwena aliumwagilia bila kuambiwa.
Asubuhi moja nikanusa, nikafunga dirisha.

Mwanawe kampigia simu toka Maskati:
"Mama, andikisha. Jirani mwema naye hufa,
na warithi wake hawajui mchicha."
Akaja kuniambia huku katazama pembeni
kama mtu aliyekuja kukopa.
"Chukua," nikamwambia.
"Niuzie," akasema.
"Udongo si wangu hata nikauza."
Na kweli si wangu. Ni wa serikali.
Mimi nimekodi miaka, imebaki sitini na saba;
nikifa leo, karatasi itanihesabu hai
mpaka mjukuu wangu ang'oke meno ya uzeeni.

Basi likaandikwa hilo neno: kuhaulisha.
Zito, linakwangua koo likipita.
Simhaulishii Zuwena ardhi;
namhaulishia asubuhi elfu ishirini na nne na ushei
za kuinama mahali hapa.

Afisa akataka thamani. "Fomu hii haina bure."
Tukasema laki mbili na mkungu wa mkono wa tembo.
Akaukata mkungu kwa kalamu nyekundu.
(Mkungu uliletwa hata hivyo.)

Kisha karo. Mfuniko upo katikati, hasa katikati.
"Karo la nani?"
Kimya.
Ghorofa ya pili Mafunda akachungulia juu ya kanga mbichi:
"La sote! Leo mnajifanya hamlijui?"
Sheha akaandika, la sote.

Hatua kumi na moja kwa sita.
Kamba ikapita kushoto kwa mkilua.
Mizizi haikuulizwa.
Shina likawa la Zuwena, na lile tawi
linalojisugua kwenye dirisha langu usiku
sijui liliandikwa wapi.
"Waisogeze kamba?" akaniuliza, polepole,
mpimaji asisikie.
Nikaangalia vigingi. Nikaangalia dirisha.
"Waache."
Nikatia saini. Yeye akatia dole gumba,
akalifuta wino kwa jani la mchicha,
mara ya kwanza jani ni lake.

Leo alfajiri nimetoka na ufagio.
Siku zote nafagia njia mpaka ukutani.
Leo nimefika kwenye kamba, mkono ukagoma.
Hawakuichukua kamba yao, wamesahau,
na Zuwena keshaanika juu yake
sare ya skuli ya mjukuu, soksi mbili zisizofanana,
zinachuruzika huku na huku.
Kainuka, udongo magotini.
"Una nini? Unaogopa uzi?"
Nikamwonyesha majani ya mkilua, yamejaa upande wangu.
"Hayo ni yangu," akasema,
"lakini mgongo unaniuma. Fagia wewe."